Milimita tatu za mfupa: jibu kwa mwalimu wa Tabora aliyeambiwa ainuliwe sainasi

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 61, mkazi wa Isevya, Tabora. Magego matatu ya mwisho, juu kushoto, yaling'olewa kwa nyakati tofauti, la mwisho miaka 11 iliyopita. Nilikwenda Dar es Salaam nikitaka kupandikizwa meno mawili. Daktari kapiga picha akaniambia mfupa uliobaki ni milimita 3 tu, kwa hiyo lazima kwanza "ainue sainasi" na kujaza mfupa, nisubiri miezi minane, ndipo aweke vipandikizi. Nina kisukari, natumia metformini. Tena napiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa. Sainasi inahusianaje na meno? Ni lazima? Na nikishafanyiwa, nirudi nyumbani kwa ndege au kwa treni?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole kwa safari. Nianze na hiyo namba 3, maana ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine.

Ukibonyeza shavu chini ya jicho, nyuma ya mfupa unaougusa kuna chumba kitupu chenye hewa. Hiyo ndiyo sainasi ya taya. Kwa mtu mzima ujazo wake ni kama mililita 12 hadi 15, yaani kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Sakafu ya chumba hicho ndiyo dari ya magego ya juu, na wakati mwingine ncha za mizizi hugusa kabisa sakafu hiyo. Gego linapong'olewa, mfupa uliolishikilia hukosa kazi, na mfupa usio na kazi mwili huuyeyusha. Kwa chini ukingo wa taya hupungua, hasa mwaka wa kwanza. Kwa juu sainasi nayo hutanuka kidogo kidogo na kushuka kujaza nafasi. Mfupa unaliwa pande zote mbili, na baada ya miaka 11 unabaki na kaukuta kembamba. Hukufanya kosa lolote, ndivyo taya la juu lilivyo.

Kipandikizi ni skrubu ya titani, kwa eneo la magego kwa kawaida urefu wake milimita 8 hadi 10 na unene milimita 4 hadi 5. Ukiifunga kwenye mfupa wa milimita 3 haitashika, na kubwa zaidi, inaweza kuteleza na kuzama ndani ya sainasi, ikahitaji operesheni nyingine ya kuitoa. Kwa hiyo daktari wako hakukutisha. Utaratibu unaofuatwa na wengi ni huu: mfupa ukiwa milimita 8 au zaidi, kipandikizi kinawekwa moja kwa moja. Ukiwa kati ya 5 na 8, sainasi huinuliwa kidogo, yaani utando wa sakafu yake husukumwa juu ili mfupa ujazwe chini yake, kupitia tundu lilelile la kipandikizi, kwa vyuma vinavyogongwa taratibu, njia aliyoieleza Summers wa Marekani mwaka 1994, au huwekwa kipandikizi kifupi cha milimita 6 kama mfupa unakitosha. Chini ya 5 hufunguliwa dirisha ubavuni mwa taya. Na hata kwa njia ya dirisha, mwenye 4 au 5 anaweza kuwekewa vipandikizi siku hiyohiyo kwa kuwa kuna mahali pa kushika. Mwenye 3 anasubiri. Hapo ndipo ulipo wewe, na hiyo miezi minane imetokea hapo.

Ila uliza hiyo 3 imepimwa kwa picha gani. Picha ya kawaida ya taya zima, ile bapa, hukuza vitu na haionyeshi unene wa mfupa toka shavuni kwenda kaakaani. Operesheni hii isifanywe bila picha ya pande tatu, ile inayoitwa CBCT, na picha hiyo ionyeshe sainasi mpaka juu, isiishie kwenye meno. Daktari anatafuta mambo manne humo. Kwanza, kama kitundu cha asili ambacho sainasi hupitishia uteute kwenda puani kipo wazi. Pili, kama utando wa ndani umevimba. Tatu, kama kuna kuta ndogo za mfupa zinazokatiza chumba, ambazo hupatikana kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu au wanne na hufanya utando uwe rahisi kuchanika. Nne, mshipa wa damu unaopita ndani ya ukuta wa ubavuni uko kimo gani. Kwa mtu ambaye taya lake limepungua sana, mshipa huo huwa karibu zaidi na ukingo kuliko inavyotarajiwa.

Kama una mafua yasiyoisha, usaha unaoshuka kooni, au pua moja iliyoziba siku zote, uanzie kwa daktari wa pua, masikio na koo. Kuingiza mfupa ndani ya sainasi yenye usaha ni kufungia uchafu ndani. Kwa Tabora nina ushauri wa ziada: kama kila kiangazi vumbi likianza kutimka pua zako huchuruzika na unapiga chafya mfululizo, usikubali tarehe ya kiangazi.

Sasa wanafanya nini huko juu.

Utakuwa macho. Ni ganzi ya sindano tu, na kazi yote huchukua saa moja hadi moja na nusu. Saa moja kabla, wagonjwa wengi humeza amoksilini gramu 2, au amoksilini yenye klavulanati. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema apewe nyingine. Utasukutua kwa klohekisidini, dawa ya kuua vijidudu vya mdomoni, kwa dakika moja. Daktari anachana ufizi juu ya ukingo, akiegemea upande wa kaakaa ili mshono usikae juu ya dirisha, kisha anaukunjua ufizi kama jalada la daftari mpaka ukuta wa mfupa uonekane.

Kwenye ukuta huo anachonga dirisha lenye pembe za mviringo, tuseme milimita 15 kwa 10, ukingo wake wa chini ukiwa milimita 2 au 3 juu ya sakafu ya sainasi. Huchonga kwa kijiwe cha almasi huku maji ya chumvi yakimiminika muda wote, kwa sababu mfupa ukipata joto hufa. Zipo pia mashine za mtetemo wa sauti zinazokata kigumu na kuacha laini. Ni salama zaidi kwa utando, ingawa mkono uliozoea unafanya vizuri kwa vyote viwili.

Huo utando ndio operesheni yenyewe. Chukua yai bichi, lichonge ganda kidogo kidogo mpaka utokee ule utando mweupe wa ndani, ujaribu kuondoa kipande cha ganda bila kuutoboa. Madaktari wanaojifunza kazi hii hufanya mazoezi kwa mayai hayohayo. Utando wa sainasi, kwa mtu mwenye afya, unene wake mara nyingi haufiki milimita moja. Mfupa ukishakuwa mwembamba vya kutosha, rangi ya kibuluu hujitokeza kwa chini, na hapo ndipo mkono unapungua kasi. Kisha vijiko vidogo vilivyopinda huingizwa kati ya utando na mfupa, mgongo wa kijiko ukisugua mfupa muda wote, usielekee kwenye utando. Huanzia sakafuni, huenda mbele, kisha nyuma, mwisho ukuta wa ndani ulio upande wa pua. Ukuta huo wa ndani wengi huufikia nusu kwa kuogopa, na ni kosa: mfupa mpya hukua kwa damu inayotoka kwenye kuta, ukiacha ukuta mmoja umefunikwa umeunyima chakula upande huo. Utando uliobanduka vizuri bila kuchanika unaonekana ukipanda na kushuka mgonjwa anapovuta pumzi kwa pua. Ukiona hivyo, kazi ngumu imekwisha.

Chini ya utando ulioinuliwa panajazwa chembechembe za mfupa, kwa nafasi ya meno mawili mililita 2 hadi 3 hivi, zilizoloweshwa kwa damu yako au maji ya chumvi. Zinawekwa kwa kushindiliwa kidogo tu. Zikibanwa kama udongo wa matofali, mishipa midogo ya damu haina pa kupenya. Zikijazwa kupita kiasi, huenda zikafika juu na kuziba kile kitundu cha kutolea uteute. Dirisha hufunikwa kwa karatasi laini ya kolajeni, yaani protini inayotolewa kwa wanyama, kisha ufizi unarudishwa na kushonwa.

Chembe hizo zinatoka wapi? Kuna zinazochotwa kwenye taya lako mwenyewe, kuna za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa mpaka ukabaki madini matupu, kuna za mfupa wa binadamu aliyejitolea, na kuna za kutengenezwa kiwandani kwa kalsiamu fosfeti. Zote hufanya kazi. Tofauti yake kubwa ni kwamba wa kwako hukomaa haraka lakini hunywea, wa ng'ombe hunywea kidogo sana lakini huchelewa. Karatasi ya kolajeni mara nyingi hutokana na nguruwe. Kwako huenda si neno, lakini kwa msomaji Mwislamu ni jambo la kuuliza kabla ya kulala kwenye kiti: zipo za ng'ombe, na daktari akiambiwa mapema huziagiza.

Kinachoharibika mara nyingi ni utando kuchanika, na hutokea kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hata kwa wataalamu wazuri. Tundu dogo, chini ya milimita 5, huzibwa kwa kolajeni na kazi ikaendelea. Pakichanika pakubwa, uamuzi wa heshima ni kusimama, kushona, na kurudi baada ya miezi kadhaa. Ukiinuka kwenye kiti ukaambiwa "leo tumeishia hapa", usimwone daktari huyo hajui kazi. Anayelazimisha kujaza chembe juu ya utando uliochanika ndiye anayekuachia chembe zinazoelea ndani ya sainasi na usaha mwezi mmoja baadaye.

Sukari yako, Mwalimu, haizuii operesheni. Sukari isiyodhibitiwa ndiyo inayozuia. Pima HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Ikiwa chini ya asilimia 7, endelea. Kati ya 7 na 8, wengi wetu tutaendelea kwa tahadhari. Ikizidi 8, ahirisha, urekebishe dawa na mlo kwanza. Kipimo hicho, pamoja na shinikizo la damu, jaribu kuvimaliza hapo Tabora, hospitali ya Kitete, kabla ya kukata tiketi. Siku yenyewe omba nafasi ya asubuhi, kunywa chai, kula, umeze metformini kama kawaida. Hii ni ganzi tu, ukienda na njaa unaweza kushuka sukari kwenye kiti. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini au wafarini, usiache kwa uamuzi wako, mwambie daktari. Na mtu yeyote aliyewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa kama alendronati, au za sindano za jamii hiyo, aseme kabla ya yote, kwa sababu kidonda cha taya kinaweza kukataa kupona.

Tumbaku nayo, kwa mkoa wenu unaoilima, siwezi kuipita. Anayevuta aache angalau wiki 2 kabla na wiki 8 baada ya operesheni. Moshi hubana mishipa ya damu hasa pale mfupa mpya unapoitaka. Ugoro wa puani ni mbaya kwa sababu nyingine: chafya. Chafya moja iliyobanwa inaweza kusukuma hewa ikautumbua utando. Kwa wiki 2 usipenge kamasi kabisa, futa tu. Chafya ikija ifungulie mdomo. Usinywe kwa mrija, usipulize moto jikoni, usijifukize nyungu, usiiname kubeba mizigo. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili kwa siku tatu au nne. Barafu iliyofungwa kitambaa, dakika 15 kuweka, dakika 15 kupumzika, siku ya kwanza tu. Uji uliopoa, mtori, ndizi laini, maziwa ya mgando; ugali mlaini baada ya siku kadhaa, kwa upande wa kulia. Asali usipake kwenye mshono, hata iwe ile nzuri ya Sikonge. Pale mdomoni haikai, na kwako ni sukari.

Tarumbeta ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko umri wako. Mpiga tarumbeta hujenga shinikizo kubwa la hewa kinywani, na kaakaa laini likivuja kidogo hewa hiyo hupanda puani. Kaa bila kupiga wiki 6. Ukirudi, anza kwa noti ndefu za chini, dakika 5 au 10, na ukisikia hewa ikitoka puani au msukumo shavuni, acha umwone daktari. Mweleze mwalimu wa bendi mapema ili usipangiwe Pasaka au Krismasi, maana nawajua wanabendi: mkisimama kanisani mkono haujizuii.

Uvimbe wa shavu kwa siku 3, weusi chini ya jicho, na matone ya damu puani siku 1 au 2, hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni uvimbe ulioanza kupungua ukarudi kupanda baada ya siku ya nne au ya tano, homa, usaha au harufu mbaya kwenye pua ya kushoto pekee, chembe zinazofanana na mchanga zikitoka puani au kwenye mshono. Hapo hakuna kusubiri siku ya miadi. Maambukizi yakishikwa mapema huokoa kazi. Yakichelewa, chembe zote hutolewa na kuoshwa.

Kuhusu kurudi nyumbani. Ndege ikiwa angani, shinikizo ndani yake ni kama la mtu aliye kwenye kimo cha hadi mita 2,400. Hewa iliyomo ndani ya sainasi hutanuka, na kitundu chake wakati huo kimevimba. Matokeo yake ni maumivu makali na mkandamizo kwenye kidonda kichanga. Subiri wiki 2. Kwa nchi kavu unaweza kuondoka baada ya daktari kukukagua siku ya tatu au ya nne. Treni ya kisasa imekuwa ikibeba abiria mpaka Dodoma tangu 2024, na kutoka hapo ni basi. Lakini mimi ningependelea ubaki Dar kwa ndugu mpaka nyuzi zitolewe, siku ya 10 hadi 14. Wiki hizo mbili ndizo mambo mengi yanapoharibikia, na mtu aliyekufungua ndiye anayejua alichokiona ndani. Baada ya hapo ndege au treni ni juu ya mfuko wako.

Umeuliza kama ni lazima. Ili upate vipandikizi pale, ndiyo. Ili uishi na kula vizuri, hapana, na hili daktari wako alipaswa kulisema. Daraja, yaani meno ya bandia yanayoshikizwa kwenye meno ya pande zote mbili za pengo, halikufai kwa sababu nyuma ya pengo hakuna jino la kulishikilia. Yanabaki meno ya bandia ya kuvua na kuvaa, ambayo hutengenezwa kwa wiki chache, au kuacha pengo lilivyo. Watu wengi wenye meno ya mbele na magego madogo kamili pande zote hutafuna bila shida. Angalia pia chini kushoto: kama magego ya chini nayo hayapo, meno mawili ya juu yatauma hewa, basi mpango uwe wa juu na chini kwa pamoja.

Ukiamua kuendelea, ni uamuzi mzuri. Operesheni hii si ngeni: Tatum aliiwasilisha Marekani miaka ya 1970, Boyne na James wakachapisha matokeo yao 1980, na vipandikizi vilivyowekwa kwenye mfupa ulioinuliwa hudumu kwa zaidi ya 90 kati ya 100 katika miaka ya mwanzo inayofuatiliwa. Ila hesabu safari. Ya kwanza, picha na vipimo, umeshaifanya. Ya pili, kuinua sainasi na kukaa wiki 2. Ya tatu, baada ya miezi 6 hadi 9, picha mpya na kuweka vipandikizi. Ya nne, miezi 4 hadi 6 baadaye, kufungua ufizi na kuchukua vipimo vya meno. Ya tano, kufunga meno yenyewe. Ni zaidi ya mwaka, na mtu anayeishia njiani baada ya safari ya pili amelipia mfupa ambao, usipopewa skrubu ya kubeba, huanza tena kupungua. Omba gharama zote kwa maandishi, kila hatua na bei yake: mfupa, kolajeni, kila kipandikizi, kila kofia ya jino. Uliza bima yako inalipa lipi kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.

Na siku ya kuondoka Dar, usitoke bila barua. Iandikwe tarehe, upande uliofanyiwa, kama utando ulichanika au la, mililita zilizojazwa, dawa ulizopewa, na ibandikwe lebo ya chembe za mfupa, ile yenye jina na namba ya toleo inayotoka kwenye kichupa. Nakala moja ipeleke kwa daktari wa meno hapo Tabora wiki ileile unayofika, ukiwa mzima. Akishajua kilichomo shavuni mwako, usiku ukivimba hataanza kwa kubahatisha.